Siku Redio Aliposoma Bila Kosa

Sokoni, kwenye safu ya viatu vya mitumba, palikuwa na mwanamke aliyeitwa Mama Soli, na jina hilo hakupewa bure. Kiatu kilichofika kwake kimekufa alikirudishia roho. Alikisugua kwa mswaki na sabuni, akakianika kivulini ngozi isikakamae, akakishindilia magazeti tumboni kirudie umbo lake, akatia gundi palipoachama, kisha rangi juu ya gundi. Ufa ulibaki palepale, ila kuutafuta ilikuwa kazi ya mnunuzi. "Mimi nauza kiatu," alikuwa akisema, "sijaajiriwa kutangaza matatizo yake." Kwa sheria hiyo alijenga vyumba viwili vya matofali na kumsomesha mdogo wake mpaka akamaliza. Yeye mwenyewe kusoma hakujua.

Hilo la kusoma walilijua watu wawili tu: mumewe, dereva wa lori aliyelala nyumbani siku tano kwa mwezi, na Mama Beseni, muuza vyombo vya plastiki wa meza ya jirani. Wengine wote alikuwa amewazunguka. Namba alizijua barabara, kwa hiyo saizi hazikumsumbua. Ikija karatasi, ama macho yalimuuma ghafla, ama miwani ilikuwa imesahauliwa nyumbani, miwani ambayo hakuwahi kuwa nayo. Utotoni alifika darasa la nne. Alikaa nyuma, herufi zikimtembelea machoni kama sisimizi, mwalimu akimwita mzito, na siku moja alitoka wakati wa mapumziko asirudi.

Mtoto wake wa mwisho, msichana wa miaka tisa, soko zima lilimwita Redio. Jambo akilisikia mara moja limeingia, na jioni analitoa lote, kwa sauti ya aliyelisema, pamoja na kikohozi chake. "Mbele ya huyu mtoto mimi sigombani na mtu," Mama Beseni alisema. "Nitakuja kusomewa mashtaka yangu neno kwa neno."

Basi Mama Soli hakuwa na wasiwasi na shule. Jioni Redio alifungua kitabu akakisoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari, na mama akasikiliza huku akipiga brashi. Angejuaje kwamba ukurasa uliofunguliwa siyo unaosomwa? Redio alipoambiwa arudie darasa la pili, mama alisema walimu wana chuki na watoto wanaoongea, akaendelea na viatu vyake.

Jumamosi moja mwalimu wa darasa alikuja sokoni mwenyewe. Alikuwa kijana, suruali imepigwa pasi vizuri, na chaki kwenye kucha. Alishika raba moja, akaigeuza, akairudisha.

"Karibu mwalimu. Hiyo ni saizi yako kabisa. Ukiingia nayo darasani watoto wananyamaza wenyewe."

"Asante mama. Leo sijaja kwa viatu. Nimeleta fomu."

"Fomu tena? Na miwani nimeiacha nyumbani."

"Nitakueleza. Ni ya rufaa. Naomba Redio akapimwe kituo cha elimu maalumu." Akachuchumaa, ili wapita njia wasisikie. "Nilimpa hadithi ambayo hatujawahi kuisoma darasani. Aliikodolea macho mpaka machozi yakamtoka. Jina lake mwenyewe, likikaa katikati ya majina mengine, halioni. Lakini nikimsomea mimi mara moja, anairudisha yote, na makosa yangu humohumo. Huyu si mzito, mama. Kuna mahali pamekwama, na mimi nina watoto sabini. Kituo wakiona anahitaji msaada, wataandika, na mwalimu wa elimu maalumu atakuja kumfundisha peke yake, polepole. Bila karatasi yao simpati."

"Na nisipompeleka?"

"Mkuu amesema hakuna kukaa darasa hilohilo mara ya tatu. Mwisho wa mwaka wataniuliza tumpeleke wapi, na mimi sitakuwa na jibu."

Mama Soli alitia sahihi, duara lenye mkia, pale alipoonyeshwa. Mwalimu alipoondoka, Mama Beseni alisogeza kigoda chake karibu.

"Umekubali?"

"Kijana ameomba kwa heshima."

"Sawa. Lakini wakishamwandika wamemwandika, shoga yangu. Karatasi ya ofisini haifuliwi kwa sabuni."

Maneno hayo yalimwingia Mama Soli kama msumari kwenye soli. Usiku wote aliliona lile neno "mzito" limebandikwa kifuani kwa mwanawe. Asubuhi alikuwa amekwisha kuamua. Kupimwa, Redio atapimwa. Lakini atafaulu.

Siku ya kwanza kituoni ilikuwa ya macho na masikio. Jengo lilikuwa refu na la zamani, na chumba chake kikubwa kilikuwa kimegawanywa kwa plaiwudi iliyopakwa rangi ya bluu. Upande mmoja mpimaji na meza yake, upande wa pili benchi la kusubiria. Redio alivalishwa visikilizio akaambiwa anyooshe mkono kila akisikia mlio. Alinyoosha hata kwa milio ambayo mpima masikio alidhani hajaibonyeza bado. "Masikio haya," yule bwana alisema, "ningeyaazima." Macho nayo hayakuwa na kasoro.

Walirudi kukaa kwenye benchi kungoja tarehe nyingine. Redio, kichwa kwenye plaiwudi, alianza kunong'ona: "Kuku wa bibi alitaga mayai matatu. La kwanza lilikuwa jeupe. La pili lilikuwa na madoa..."

"Umeyatoa wapi hayo?"

"Humo ndani. Kila mtoto anasoma hiyohiyo."

Mama Soli aliitazama ile plaiwudi kama anavyolitazama robota la mitumba linapokatwa kamba.

Wiki iliyofuata walifika kabla mlango haujafunguliwa. Walikuwa wa kwanza, lakini wazazi walipoanza kuja Mama Soli aliwapisha mmoja mmoja. "Pita dada, wewe umetoka mbali. Tangulia baba, sisi hatuna haraka." Watu walimwombea heri. Mzee mmoja alisema wanawake kama hawa wamebaki wachache. Yeye akajisogeza mwisho wa benchi, akamweka Redio ukutani.

"Shika yote."

"Hata wanapokosea?"

"Ukisikia mpimaji amesema 'vizuri', hapo ndipo ushike."

Watoto sita waliingia na kutoka. Redio alifumba macho kama anayesinzia, midomo ikicheza. Ilipofika zamu yake alikuwa amejaa kama ndoo.

Mpimaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, ambaye penseli zake alizichonga kwa wembe. Alimruhusu mama akae pembeni kwa sharti la kutofungua mdomo. Vipande vya mbao Redio alivipanga mwenyewe kihalali, kwa sababu mikono iliyozoea kuchambua jozi kwenye rundo la viatu haishindwi na mbao. Siku za wiki alizitaja kinyumenyume bila kujikwaa. Kisha akapewa kadi ya hadithi. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza na kuanza, sauti nzuri, nukta kwa nukta. Mpimaji aliinamia karatasi yake akiweka alama kwa kila neno.

Mama Soli peke yake ndiye aliyekiona kidole. Sauti ilikuwa imefika yai la tatu, kidole kingali mstari wa kwanza. Alitamani kukohoa akisogeze. Akajizuia, na hadithi ikaisha.

"Vizuri sana," mpimaji alisema. "Sasa wewe, mama. Alianza kutembea lini?"

"Kwa wakati wake."

"Kuongea?"

"Kwa wakati wake."

"Kwenye familia, upande wako au wa baba, kuna aliyewahi kupata taabu ya kujifunza kusoma?"

"Hakuna."

Mpimaji aliigeuza ile fomu ya rufaa mbele na nyuma. "Mwalimu wake amejaza kurasa mbili kwamba hasomi. Mimi amenisomea bila kosa hata moja. Mmoja wetu anahitaji miwani."

"Labda watoto wamemzidi, wako sabini."

"Labda. Mimi naandika ninachokiona. Mchana nitaandika ripoti kwamba hahitaji huduma. Mkitaka kupimwa tena ni mpaka baada ya mwaka."

Mama Soli alishukuru kwa adabu, akamshika mwanawe mkono, akatoka na ule wepesi wa miguu unaomjia mtu mwenye mali ngumu iliyopata mteja.

Walipofika kituo cha basi Redio aliuliza, "Mama, nimefaulu?"

"Umefaulu, mama. Umewashinda wote."

Redio alisukuma kijiwe kwa kidole cha kiatu. "Kwa hiyo yule mwalimu anakuja lini?"

"Mwalimu gani?"

"Wa kunifundisha kusoma. Mwalimu alisema nikishapimwa atakuja. Tutakaa wawili tu, na hakuna mtu wa kunicheka."

"Yule ni wa watoto wasiojua."

"Lakini mimi sijui," Redio alisema, kwa sauti ya mtu anayesema hana penseli. "Ile ya kuku siioni. Niliisikia tu. Hukuniambia kwamba nikiweza haji."

Basi likaja, likafungua mlango, likafunga, likaondoka. Mama Soli hakuwa mtu wa kulia barabarani, na hakulia. Alifanya alichozoea kufanya, akapiga hesabu ya biashara: nani amepata nini. Mpimaji amepata faili safi. Yeye amepata jina lisilo na doa. Na Redio? Amemtengeneza mtoto kama kiatu, mnunuzi ameridhika, na mvua ikija, mguu utakaolowa ni wa Redio mwenyewe. Katika miaka yote ya meza hakuwahi kukubali mali irudishwe. Mteja akija na kiatu kilichobanduka alimwambia, ulikitazama mwenyewe, ukakipenda mwenyewe. Sasa ilimbidi arudi mwenyewe, kwa mguu wake, akamwambie mteja kwamba ameuziwa vibaya.

"Twende," alisema.

"Basi lilikuwa lile, mama."

"Nimeliona."

Mpimaji alikuwa anakunywa chai na mkate juu ya mafaili. "Mmesahau kitu?"

"Ile ripoti umeshaiandika?"

"Bado. Nakula."

"Usiiandike." Mama Soli alibaki amesimama. "Mtoto hasomi. Nilimkalisha pale ukutani akawasikiliza wenzake sita. Kila alichokujibu amekitoa hapo, ila zile mbao. Mbao ni zake."

Mpimaji aliweka kikombe chini. Hakugomba. Alitoka, akaenda kukaa mwisho wa benchi, akaita, "Redio, sema chochote, polepole."

"Kuku wa bibi alitaga mayai matatu," Redio alisema ndani, kwa sauti ya kawaida.

Mpimaji akarudi, uso umembadilika. "Miaka sita," alisema. "Miaka sita nakaa upande huu, sijawahi kukaa upande ule. Sijui nimewaandikia 'hahitaji' watoto wangapi." Akamtazama Mama Soli. "Na wazazi waliponiambia unawapisha watu, nikasema leo tumepata mama mstaarabu."

"Nilikuwa mstaarabu kwa sababu."

Mpimaji alicheka puani bila kupenda. Kisha akafungua droo yenye kufuli, akatoa kadi nyingine, hadithi ambayo haijawahi kupita kwenye plaiwudi, akaiweka mbele ya Redio. "Hii sitaki unachokijua. Nataka unachokiona. Ukiona kidogo, nipe kidogo. Hakuna anayekukimbiza."

Redio aliweka kidole. Alitazama. Akafungua mdomo, akaufunga. "Mmm," alisema. "Mba. Hapana. Mbu." Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Herufi moja aliisoma kwa jina la nyingine, akajirudi, akapotea mstari, akaanza upya. Sauti ya mtangazaji haikuwapo tena. Ilibaki sauti ya mtoto mdogo anayevuka mtaro kwa ubao mwembamba. Kwa muda ambao mwingine angemaliza ukurasa, yeye alipata maneno matatu, na la tatu halikuwa sahihi.

Mama Soli alikuwa amekamata kingo za kiti. Alitamani kumnong'oneza neno, moja tu, mtoto apumzike. Lakini hata angeruhusiwa, hakuwa na cha kumnong'oneza. Alikuwa anaitazama kadi ileile, nao sisimizi walikuwa walewale.

"Inatosha," mpimaji alisema. "Umefanya kazi kubwa kuliko ile ya asubuhi. Kuna maji pale nje, nenda ukanywe."

Mtoto alipotoka, Mama Soli alisema, "Lile swali la familia. Andika: mama yake."

Kalamu ya mpimaji ilisimama.

"Namba najua. Maneno sijui. Niliishia darasa la nne, na hayo manne yote nilikuwa naigiza. Na kuongea alichelewa, alikuwa na miaka mitatu. Andika na hilo. Kutembea ndiyo alitembea kwa wakati, hapo sikudanganya."

"Walikuambia nini, enzi zako?"

"Mzito."

"Walikosea," mpimaji alisema, kama anayesahihisha hesabu. "Mtu mzito haendeshi mpango uliouendesha wewe leo asubuhi. Hili jambo mara nyingi mtoto hulipata kwa mzazi, kama anavyorithi pua. Mtu hufundishwa njia nyingine ya kufika, kwa masikio yake, kwa mikono yake. Wakati mwingine huchukua miaka. Mapema ni bora, lakini hata ukubwani watu hufika." Akavuta karatasi. "Fomu ya rufaa bila shaka uliitia sahihi bila kusomewa. Hii ya kituo nitakusomea yote."

Akaisoma fomu nzima kwa sauti, mstari kwa mstari, na pale Mama Soli alipouliza akarudia. Hakuna mtu aliyewahi kumsomea Mama Soli karatasi namna hiyo, bila haraka na bila kumtazama usoni kuona kama ameelewa. Alitia duara lake lenye mkia.

Jioni alimpigia mumewe. Lori lilisikika likinguruma nyuma.

"Umesema hilo la kusoma mbele ya mtu?"

"Nimesema."

Mume alikata kona kwanza. "Basi gumu limepita," alisema. "Mwambie Redio nikirudi atanisimulia yote."

Sokoni, Mama Beseni alilipokea jambo kwa moyo mkunjufu. "Ndiyo hivyo. Mficha uchi hazai."

"Si wewe uliyeniambia karatasi ya ofisini haifuliwi?"

"Nilisema haifuliwi. Sikusema ni chafu."

Wiki tatu baadaye ripoti ilifika shuleni, na Mama Soli akaitwa kikaoni. Walikuwapo mkuu wa shule aliyekuwa mzee mwenye tai fupi, mwalimu wa darasa, na mwalimu wa elimu maalumu, dada mwembamba aliyekuja na pikipiki kwa sababu alikuwa na shule nne za kuzunguka. Mkuu alifungua faili. "Tumekubaliana Redio afundishwe mara mbili kwa wiki, nusu saa nusu saa."

Mama Soli alitazama dirishani, kama afanyavyo mtu anapotajiwa bei ya kumtania. "Mara tano."

"Mama, huyu mwalimu ana shule nne."

"Basi nne."

"Sokoni kwako ni sawa, lakini hapa kuna ratiba."

"Mkuu, mimi ratiba naiheshimu. Ila mtoto amepoteza miaka miwili, na mmoja nimempotezea mimi. Mara mbili ni ya kumwonjesha."

Dada wa pikipiki alifungua daftari lake, akahesabu kwa kalamu. "Jumanne, Jumatano na Ijumaa naweza. Dakika arobaini."

"Tatu," Mama Soli alisema, "na kwenye mitihani asomewe maswali, yeye ajibu kwa mdomo."

"Hilo limo kwenye ripoti."

"Najua limo. Nataka nilisikie na mdomoni kwako, mkuu."

Mkuu alilisema. Mwalimu wa darasa aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Na anabaki darasani kwake na wenzake. Harudishwi nyuma, hahamishwi."

"Anabaki."

"Sasa nisomeeni karatasi yote kwa sauti. Mimi sijui kusoma."

Alilisema hilo mbele ya watu watatu, na halikuwa zito kama pale kwa mpimaji. Mwalimu wa darasa alisoma. Alipofika katikati, karatasi ilisema mara mbili. Mama Soli aliinua kidole. Mkuu akaomba radhi, akachomoa kalamu, akafuta, akaandika tatu, akatia sahihi pembeni.

Jumanne ya kwanza, mchana, Redio alikuja mbio mpaka kwenye meza, begi likimpigapiga mgongoni. Mama Soli alikuwa na kiatu mkononi.

"Haya, mmesoma nini?"

"Maneno manne."

"Dakika arobaini, manne?"

"Mwache mwenzangu," Mama Beseni alisema. "Mimi tangu asubuhi nimeuza beseni moja."

"Manne," Redio alisema tena, akihema. "Lakini haya sikuyasikia kwa mtu."

Mama Soli alikiweka kiatu chini, akapangusa pembe ya meza kwa kiganja. "Kaa hapa. Nionyeshe la kwanza."